Neti ya hosteli inagoma kila jioni: nimwekee kila mwanafunzi kikomo?

Swali: "Kaka, habari za kazi. Nina hosteli ndogo Malimbe, Mwanza, jirani na chuo kikuu cha SAUT, vyumba 14, wanafunzi 22. Nimefunga faiba ya Mbps 20 kushusha na Mbps 5 kupandisha. Mchana haina shida. Ikifika saa mbili usiku ni kelele: video zinazunguka, simu za WhatsApp zinakatika, ukurasa wa chuo haufunguki. Fundi kaniambia tumwekee kila kifaa kikomo cha nusu Mbps. Halafu kijana mmoja ameweka programu kwenye laptopu yake inayowakata wenzake, juzi nusura wapigane. Niweke hicho kikomo, ninunue kasi kubwa zaidi, au nifanyeje?"

Jibu:

Dada yangu, habari ni nzuri, pole na huo ugomvi. Kikomo cha nusu Mbps (nusu megabiti kwa sekunde) usikiweke, na kasi kubwa usiikimbilie kabla hujapanga hiyo uliyonayo. Kwa maelezo yako, laini yako si ndogo kiasi hicho. Ina foleni isiyo na msimamizi, na msimamizi huyo anawekwa kwenye ruta, kwa kazi ya siku moja ya fundi anayejua anachofanya. Kijana mwenye programu naye dawa yake iko kwenye ruta hiyohiyo.

Hesabu ya fundi wako naielewa. Wanafunzi 22, kila mmoja na simu, wengi na laptopu, ni vifaa kama 40. Gawa 20 kwa 40 unapata nusu. Kasoro ni kwamba hakuna saa ambayo vifaa 40 vinashusha kwa pamoja. Simu nyingi zimelala mfukoni au ziko kwenye chaji. Saa nane usiku mwanafunzi mmoja anashusha mhadhara wa video wa MB 300. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo hizo ni megabiti 2,400. Kwa nusu Mbps atasubiri saa moja na dakika ishirini, wakati Mbps 19.5 ulizolipia zimekaa bila kazi. Angepewa laini yote, angemaliza kwa dakika mbili na kuwaachia wengine nafasi.

Kibaya zaidi, kikomo hicho hakikulindi. Tazama upande wa kupandisha, ambao watu wengi wanausahau: una Mbps 5 tu. Vifaa 10 vikipandisha picha kwa nusu Mbps kila kimoja, vimeijaza njia yote. Utakuwa umewabana watu mchana na usiku, na saa mbili kelele ziko palepale.

Sasa tuione foleni yenyewe. Ndani ya nyumba, simu na laptopu zinaongea na ruta kwa makumi ya Mbps. Kutoka nje zinapita kwenye Mbps 5. Pakiti (vipande vidogo vya data) zinazotaka kutoka zinajipanga kwenye kumbukumbu ya kile kiboksi cha mtoa huduma zikisubiri zamu, na viboksi vingi vya kawaida vina kanuni moja tu: aliyetangulia kufika atangulie kutoka. Kama uliwahi kwenda Sengerema kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa, unakumbuka gari dogo lenye watu wawili likikaa nyuma ya msururu wa malori likisubiri kivuko. Gari dogo hapa ni sauti ya simu ya WhatsApp, au kubofya kimoja kwenye ukurasa wa chuo. Malori ni picha na video zinazopandishwa.

Foleni hiyo inaweza kuwa ndefu kuliko unavyodhani. Kumbukumbu ya megabaiti 1 ni kitu kidogo kwa chipu za leo, mtengenezaji anaiweka bila kuwaza. Lakini megabaiti 1 ni megabiti 8, na kwa Mbps 5 inachukua sekunde 1.6 kuisha. Mwanafunzi mmoja anarudi kutoka kwenye sherehe, simu yake inakamata waifai, Google Photos inaanza kupandisha, foleni inajaa. Kuanzia hapo kila neno la anayeongea na mama yake Bukoba linakaa sekunde moja na nusu kabla halijatoka getini kwako. Mazungumzo ya simu yanakwenda vizuri sauti ikichelewa hadi takriban milisekunde 150 kwa upande mmoja. Zaidi ya hapo watu wanaanza kukatana maneno, kisha wanakata simu.

Kushusha nako kunaumia, na hapo ndipo wengi wanapotafuta mchawi pasipo. Ukishusha faili, kifaa chako kinarudisha vijipakiti vidogo vya kukiri kwamba kimepokea. Vijipakiti hivyo vikikwama nyuma ya picha za mwenzako, seva ya mbali inakosa jibu na kupunguza mwendo. Ndiyo maana unaweza kukuta watu wanalalamika huku nusu ya zile Mbps 20 haina mtu. Kwa hiyo ukinunua Mbps 40 za kushusha na kupandisha kukabaki 5, ugonjwa utakuwa umebaki nao na bili imepanda.

Utauliza: kwa nini kifaa kinachojaza njia kisipunguze chenyewe? Kinapunguza, ila kinasubiri dalili, na dalili hiyo ni pakiti kupotea. Utaratibu huu una historia. Oktoba 1986 mawasiliano kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, sehemu zilizo jirani kabisa, yaliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40, kwa sababu kompyuta zilikuwa zinazidi kumimina pakiti kwenye njia iliyokwishajaa. Van Jacobson alichunguza jambo hilo, na mwaka 1988 akachapisha njia ambayo intaneti inaitegemea hadi leo kwa namna moja au nyingine: ongeza mwendo taratibu, pakiti ikipotea punguza. Sasa kumbukumbu ya ruta ikiwa kubwa kupita kiasi, pakiti haipotei mapema. Inasubiri tu. Mtumaji haoni dalili, anaendelea kuongeza, foleni inazidi kurefuka.

Dawa ilitoka kwa Jacobson huyohuyo. Mwaka 2012 yeye na Kathleen Nichols walitoa mbinu inayoitwa CoDel. Ruta haipimi foleni ina pakiti ngapi, inapima pakiti imesubiri muda gani. Muda huo ukikaa juu ya milisekunde 5 kwa milisekunde 100 mfululizo, ruta inaanza kudondosha pakiti moja moja ili mtumaji apate dalili mapema. Ndugu yake, fq_codel, anaongeza jambo la pili: foleni moja inagawanywa kuwa foleni ndogo 1,024, na kila mazungumzo, yaani kila muunganisho mmoja wa kifaa na upande wa mbali, yanapata zamu yake, kwa hiyo sauti ya simu haikai tena nyuma ya picha za mtu mwingine. Kisha kuna CAKE, iliyoingia kwenye Linux toleo la 4.19 mwaka 2018, nayo inaweza kugawa kwa haki kati ya kifaa na kifaa, hata kama mmoja amefungua mazungumzo 50 na mwingine moja. Hicho ndicho unachokihitaji wewe. Kila mwenye haja anapata sehemu sawa, na sehemu ya asiye na haja wanagawana waliobaki. Saa nane usiku mtu mmoja anakula Mbps zote. Saa tatu usiku watu kumi wanagawana bila kukanyagana.

Kabla hujatoa shilingi, pima. Chukua laptopu yenye tundu la waya, ichomeke kwenye kiboksi chenyewe, si kwa waifai. Kama ni Windows, fungua dirisha la amri uandike ping 8.8.8.8 -t, amri inayopima pakiti inachukua milisekunde ngapi kwenda na kurudi, na uziache namba zitembee. Fanya hivyo asubuhi wanafunzi wakiwa darasani, uandike milisekunde unazoziona. Kisha, namba zikiendelea kutembea, pandisha video kubwa kwenye Google Drive. Zikiruka kutoka makumi hadi mamia, au zikapita 1,000, umemkamata mwizi. Rudia saa tatu usiku bila kupandisha chochote wewe mwenyewe, uone wanafunzi wako wanafanya nini na foleni.

Kuna kipimo cha pili ambacho mafundi wengi wanakiruka. Nenda chumba cha mwisho kabisa, ukae kwa waifai, na safari hii ping iende kwenye ruta yako, ile anwani inayoanza na 192.168. Pakiti hizo hazitoki nje ya nyumba. Zikichelewa au kupotea, basi chumba hicho kina shida ya hewa, yaani ya mawimbi ya waifai, na hakuna mpangilio wa foleni utakaoiponya.

Kwa nyumba za Mwanza hili ni jambo zito kuliko watu wanavyolipa uzito. Tumejenga juu ya mawe na kati ya mawe. Malimbe, Bwiru, Igogo, kote unakuta nyumba imepanda kwa ngazi, msingi wa mawe, kuta za tofali za saruji, na jabali katikati ya uwanja. Waifai ya gigahezi 2.4 inapenya kuta kwa kiasi, ile ya gigahezi 5 inakwama mapema. Na hewa ni ya kushirikiana: kwenye chaneli moja anaongea mmoja kwa wakati mmoja. Simu iliyo chumba cha mwisho, yenye alama moja ya mtandao, inaongea polepole. Pakiti ya baiti 1,500 ikienda kwa Mbps 60 inachukua hewa kwa milisekunde 0.2. Ikienda kwa Mbps 6 inachukua milisekunde 2, mara kumi, na muda wote huo wengine wamenyamaza wakimsubiri. Mwanafunzi mmoja wa chumba cha nyuma anaweza kuwapunguzia mwendo walio sebuleni bila kosa lolote lake. Dawa ni kituo cha pili cha waifai upande ule, kilichounganishwa kwa waya hadi kwenye ruta. Vile virudishia mawimbi vya kuchomeka ukutani sivipendi kwa hosteli, maana vingi vinapokea na kutuma kwenye chaneli ileile, na kila pakiti inakula hewa mara mbili. Kwenye 2.4 weka kituo kimoja chaneli 1 na kingine 6 au 11. Ni hizo tatu tu zisizoingiliana. Simu mpya zipelekwe kwenye gigahezi 5.

Sasa ruta. Kiboksi cha mtoa huduma kibaki, ila kazi yake iwe kuleta intaneti tu. Nyuma yake funga ruta inayojua kupanga foleni. Njia mbili ninazoziamini ni ruta inayokubali OpenWrt, mfumo huria ulioanza mwaka 2004, au MikroTik, ruta za kampuni ya Latvia ambazo mafundi wetu wengi wanazifahamu. Kwa laini ya Mbps 20 hata ruta ndogo ya MikroTik inatosha. Na waifai ya kile kiboksi uizime kabisa. Nimekuta zaidi ya mahali pamoja foleni imepangwa vizuri sana kwenye ruta mpya, lakini nusu ya nyumba bado inaunganishwa na waifai ya kiboksi kwa neno la siri la zamani, na ruta mpya haiwaoni kabisa.

Siri ya kazi yote iko kwenye namba moja: ruta yako iwekewe kikomo kilicho chini kidogo ya kasi halisi ya laini. Ukiweka Mbps 20 na 5 kamili, foleni itaendelea kujengeka ndani ya kiboksi ambako huna amri. Ukiweka 18 na 4.5, foleni inahamia kwenye ruta yako, na hapo ndipo CoDel na wenzake wanapata kazi ya kufanya. Unatoa sadaka asilimia 10, unapata nyumba yenye amani. Asiyeelewa atakuambia umepunguziwa kasi. Mwonyeshe ping. Namba hizo zitoke kwenye vipimo vyako vya jioni, wala si kwenye karatasi ya mkataba, maana laini ikishuka hadi 15 usiku, kikomo cha 18 hakishiki chochote. Wenye intaneti ya laini ya simu wana kazi ngumu zaidi hapa, kasi yao inapanda na kushuka kila saa, na inabidi wachague namba ya chini. Wewe wa faiba una nafuu.

Kwenye OpenWrt kifurushi cha kuongeza kinaitwa SQM. Unachagua CAKE, unaandika kasi mbili, kisha kwenye mipangilio ya ndani unaongeza maneno nat dual-srchost kwa upande wa kupandisha na nat dual-dsthost kwa upande wa kushusha. Neno nat lisisahaulike. Bila hilo ruta inaviona vifaa vyote 40 kama kifaa kimoja, na haki kati ya kifaa na kifaa inapotea.

Kwenye MikroTik njia ya zamani na imara ni PCQ. Mpe fundi mstari huu, abadilishe anwani kama yako ni tofauti:

/queue simple add name=hosteli target=192.168.88.0/24 max-limit=4500k/18M queue=pcq-upload-default/pcq-download-default

Namba ya kwanza ni kupandisha, ya pili ni kushusha. Mafundi wengi huzigeuza, halafu wanashangaa. PCQ hapa inatengeneza foleni ndogo kwa kila anwani na kuzipa zamu sawa. Haipimi muda wa kusubiri kama CoDel, kwa hiyo ruta yenye RouterOS toleo la 7 ni bora, kwa sababu ndani yake mna fq_codel na CAKE.

Kuna mtego kwenye MikroTik ambao umewafanya watu wengi waamini foleni zake hazifanyi kazi. Mipangilio ya kiwandani inakuja na kanuni ya fasttrack kwenye ukurasa wa Firewall. Kazi yake ni kuharakisha pakiti kwa kuzipitisha njia ya mkato, na njia hiyo inaruka simple queue zote, yaani foleni kama ya mstari ule wa juu. Unaweka kikomo cha 18, kaunta ya foleni inasoma karibu na sifuri, na watu wanashusha kwa 20. Zima kanuni hiyo. Kwa Mbps 20 ruta haitaona tofauti ya mzigo. Ukimaliza, fungua foleni uliyoiweka uangalie namba zinapanda mtu anaposhusha. Hazipandi? Basi hakuna foleni, kuna maandishi tu.

Haki kwa kifaa si sawa na haki kwa mtu. Mwenye simu, laptopu na tableti anapata sehemu tatu, mwenye simu moja anapata moja. Tena atakayenunua ruta yake ya mkononi, akaichomeka chumbani na kuwagawia marafiki wanne, wote watano watahesabiwa kifaa kimoja. Hili la pili linajirekebisha lenyewe kwa sababu wanajipunja. La kwanza unalitibu kwa vocha: MikroTik ina ukurasa wa kuingilia, kila mwanafunzi anapewa jina na neno lake la siri, na unaamua jina moja liingie kwenye vifaa vingapi. Viwili vinatosha mtu. Mwanafunzi akihama hosteli, unafuta jina lake, hubadilishi neno la siri la nyumba nzima.

Fundi akitaka kufunga kila kifaa kwa anwani ya MAC, ile namba ya kukitambulisha kifaa kwenye mtandao, mwambie zama zimebadilika. Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 zinatumia anwani ya MAC ya kubuni kwa kila mtandao ili mtu asifuatiliwe, na mwenye simu anaweza kuibadilisha. Utaitambua kwa herufi ya pili: ikiwa 2, 6, A au E, ni ya kubuni. Orodha yako ya MAC itakuwa takataka ndani ya muhula mmoja.

Nije kwa kijana wako. Programu za aina hiyo hazihitaji neno la siri la ruta, na watu wanadhani ni uchawi. Kwenye mtandao wa ndani, simu inayotaka kutoka nje inauliza kwa sauti: nani ana anwani 192.168.88.1? Ruta inajibu kwa MAC yake. Itifaki hiyo inaitwa ARP, ni ya mwaka 1982, na haina njia yoyote ya kuthibitisha aliyejibu. Laptopu ya kijana inajibu kwa uongo: ruta ni mimi. Papo hapo inaiambia ruta: ile simu ni mimi. Kuanzia hapo pakiti za mwenzake zinapita kwake, na yeye anaamua kuzipitisha, kuzipunguza au kuzitupa. Ukitaka ushahidi, kwenye kompyuta ya anayekatwa andika arp -a. Anwani ya ruta na anwani ya kifaa kingine vikionyesha MAC moja, jibu liko mbele yako, na MAC hiyo ndiyo ya laptopu yenyewe.

Kuizuia ni hatua mbili. Kwanza, washa kipengele cha kuwatenganisha wateja kwenye waifai, ili kifaa kisiweze kuongea na kifaa kingine moja kwa moja. Ukiwa na vituo viwili, fundi azuie pia kati ya kituo na kituo, kwa sababu kipengele hicho kwa kawaida kinaishia ndani ya kituo kimoja. Pili, kwenye MikroTik weka arp=reply-only upande wa wanafunzi, na kwenye seva ya DHCP, ile inayovigawia vifaa anwani, add-arp=yes. Hapo ruta inawajua wale tu iliowapa anwani yenyewe, na uongo wa kuambiwa "ile simu ni mimi" hausikilizwi tena. Chapisha kwenye karatasi za ukutani kwamba printa ya pamoja, kama unayo, itachomekwa kwa waya upande mwingine, maana baada ya kuwatenganisha wateja hawataiona kwa waifai.

Kaa naye uongee, dada. Usianze na kumfukuza. Mwambie waziwazi kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya mtu bila idhini, na kupitisha pakiti za mwenzako kwenye laptopu yako ni jambo la hatari sana mbele ya sheria hiyo, hata kama nia ilikuwa kupata neti ya kufanyia asainimenti. Na wewe pia ujiwekee mpaka. Ruta itakuonyesha nani ametumia GB ngapi, na hiyo inatosha kwa kazi ya kugawa. Anatazama nini ni lake.

Vikomo vya kudumu vina mahali pake, sivikatai vyote. Televisheni ya ukumbini iwekewe Mbps 5. YouTube yenyewe inapendekeza kiasi hicho kwa picha ya 1080p, na bila kikomo televisheni kubwa itavuta 4K, ambayo pendekezo lake ni Mbps 20, yaani laini yako yote, siku ya Simba na Yanga. Kamera za ulinzi zinazorekodi mtandaoni ziwekewe kikomo cha kupandisha, na zipunguziwe ubora wa picha kabla ya hapo. Wageni wa wikiendi wawe na mtandao wao wenye Mbps 3 kwa wote. Wanafunzi wenyewe waombe mambo mawili: kwenye Windows waweke alama kwamba waifai ya hosteli ni ya kulipia kwa kiasi, ili masasisho makubwa yasijishushe saa tatu usiku, na kwenye Google Photos nakala zipande wanapolala. Sehemu ya msongamano wa jioni inasababishwa na vifaa ambavyo hakuna mtu anayevitazama.

Kuhusu kununua kasi kubwa: kwa Mbps 18 watu saba wanaweza kutazama kwa 720p kwa wakati mmoja, inayotaka Mbps 2.5 kila mmoja, au watu 16 kwa 480p, inayotaka 1.1. Kwa wanafunzi 22 hiyo si laini ya aibu. Siku nyaya za baharini zinazoleta intaneti zikikatika, kama ilivyotokea tarehe 12 Mei 2024 kwa EASSy na Seacom, hata Mbps 100 zisingekusaidia, kwa hiyo usinunue kwa hasira ya siku moja mbaya.

Mwombe fundi awashe grafu kwenye ruta, ukurasa wa Tools, sehemu ya Graphing, kisha uiache wiki mbili za masomo, si za likizo. Ukiona mstari wa kushusha umeganda kwenye 18 kuanzia saa mbili hadi saa tano usiku siku nyingi za wiki, nunua, na ukiongea na mtoa huduma muulize kwanza kuhusu Mbps za kupandisha. Ukiona unaigusa 18 mara moja moja na kushuka, pesa hiyo nunulia kituo cha pili cha waifai kwa vyumba vya nyuma, na betri ndogo ya kushikilia kiboksi na ruta umeme unapokatika.